Bustani Haiumwi

Ukimwona mara ya kwanza huwezi kuamini kwamba kazi yake ni kuyafundisha maji subira. Mwenyewe hatulii. Ukimpa kiti anashika egemeo lake, anakisogeza, anaegemea ukuta, anatoka kuitazama pikipiki yake, anarudi, anauliza swali ambalo umeshalijibu. Chai anainywa amesimama. Hata akiwa kazini, amepiga magoti kati ya matuta na kitoboleo mkononi, mguu mmoja unatikisika kama wa mshonaji aliyesahau kwamba cherehani imebaki nyumbani.

Kazi yenyewe ni hii: anatandika mipira myembamba myeusi shambani, kutoka kwenye tangi lililoinuliwa juu ya kichanja hadi kwenye shina la kila mche, na penye mche anatoboa tundu dogo. Maji hutoka hapo tone moja moja, kiasi cha mmea kunywa bila ardhi kulewa. Wanaita dripu. Naye wanamwita Mama Dripu, na amelizoea jina hilo kiasi kwamba akiitwa lile la kuzaliwa huchelewa kugeuka, kama mtu aliyeitwa kwa makosa.

Neno ni la kuazima. Kwa Waingereza halina makuu: ni tone linaloanguka, na jingine nyuma yake, ni bomba bovu la jikoni, paa linalovuja, mwavuli uliosimamishwa nyuma ya mlango. Kwetu liliingia kwa mlango wa hospitali, na mfuko wa maji unaoning'inia na sindano iliyobandikwa plasta kwenye mkono wa mgonjwa. Baadaye likaingia tena kwa mlango wa shamba, safari hii limevaa mpira mweusi. Juzi tu vijana nao wamelileta, wao wakimaanisha mavazi: mtu aliyependeza mpaka urembo unamdondoka, huyo ana dripu. Hakuna aliyegombana na mwenzake juu ya neno hili, kwa sababu mahali husaidia. Ukiwa wodini unajua ni dripu ipi. Ukiwa kati ya nyanya unajua. Shida huja neno linaposafiri peke yake, likamfikia mtu bila mahali pake.

Baba yake Mama Dripu alikuwa na maana ya ziada. Alifundisha Kiingereza tangu ujana mpaka nywele zikamwisha, na maneno ya lugha ile aliyahifadhi kama fundi anavyohifadhi misumari, kila ukubwa na kopo lake. Binti yake alipomleta mchumba nyumbani, kijana mpole aliyekubali kila alichoambiwa, hata mambo mawili yanayopingana, mzee alimsikiliza, akamsindikiza hadi barabarani, akarudi, akasema kwa upole:

"Mwanangu, huyu ni dripu."

"Ndiyo nini hiyo, baba?"

"Ndivyo Waingereza wanavyomwita mtu aliyepoa. Hana chumvi, hana pilipili. Anadondoka tu."

Akaolewa naye hivyo hivyo. Na mume akadondoka kweli: safari moja, kisha nyingine ndefu kidogo, kisha nyingine, kila aliporudi amerudi pungufu, mpaka pakawa hapana tena wa kurudi. Mzee hakusema "nilikwambia." Hakusema kamwe. Lakini miaka mingi baadaye, aliposikia watu wanamwita binti yake Mama Dripu, alicheka mpaka akakohoa, akapigwa mgongoni, akanywa maji, akaanza kucheka upya.

Nyuma ya nyumba ya mzee kuna bustani. Si kubwa, ukisimama mlango wa jikoni unaiona yote. Matuta ya nyanya, vitunguu, bilinganya, na kona ya maua aliyoyapanda marehemu mkewe, ambayo hayaitwi chochote kwa sababu aliyeyajua majina yake ndiye aliyeondoka. Asubuhi na jioni mzee hujaza ndoo mbili kwenye bomba la uani, huzibeba moja kila mkono, na kumwagilia kwa kopo la maziwa ya unga alilolitoboa matundu kwa msumari. Mimea huisemesha Kiingereza. Anasema ndilo darasa pekee alilowahi kupata lisilopiga kelele.

Msimu uliopita Mama Dripu alimletea zawadi. Alikuwa ameikusanya kimya kimya kwa muda mrefu: mipira mizuri, si ile inayopasuka kwa jua, koki ya shaba, chujio, tangi dogo la bluu. Alifika asubuhi, pikipiki imesheheni mpaka taa yake haionekani. Kaka yake, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa amepita kumsalimia mzee na alisimama mlango wa jikoni na kikombe mkononi. Mzee alitoka, akauzunguka mzigo, hakugusa kitu.

"Nini hii?"

"Dripu, baba. Unafungua koki, unafunga koki. Basi. Ndoo unazipeleka stoo zikapumzike."

"Dripu."

"Ndiyo, baba."

"Dripu ni ya wagonjwa," mzee akasema. "Bustani yangu haiumwi."

Binti alicheka, akidhani ni utani. Ulikuwa utani na haukuwa. Mzee alikuwa ameshaanza kumwaga maji kwenye tuta, amempa mgongo.

"Na mgongo wako, baba? Nao hauumwi?"

"Mgongo wangu umekutuma?"

Kaka akacheka ndani ya kikombe. "Mwache mzee, bwana. Kwanza mipira yenyewe ungenunua dukani kwangu ungepata bei ya ndugu."

Kicheko kile ndicho kilichomchoma, au mgongo ule wa baba uliogeuka bila haraka, au ule muda wote aliotumia kuichagua koki ya shaba. Hajui. Alijua tu kwamba uso umemwaka moto na mdomo umetangulia.

"Haya. Endelea kubeba ndoo mpaka uanguke."

Mzee hakugeuka. Maji yaliendelea kutoka kwenye matundu ya kopo. Binti alifunga mzigo wake upya, kamba zikimkatalia vidole, akaondoka, na tangu siku ile hakukanyaga pale tena. Walipigiana simu, ndiyo. "Wateja wako hawajambo?" "Hawajambo, baba." "Haya." "Haya." Maji yakimwagika hayazoleki, hilo hata yeye asiye na subira alilijua, na kila alipopiga magoti kwenye shamba la mtu alilisikia lile neno lake, uanguke, uanguke, likitoka tunduni. Alitaka kulirudisha. Hakujua pa kulishikia. Angeanzaje? Samahani husemwa uso kwa uso, na kwenda kule, baada ya kukaa kimya hivyo, kulihitaji sababu.

Sababu ilikuja, ila iliingia kwa mlango usio wake.

Katikati ya msimu kaka yake alianza kuuza mipira ya dripu dukani, ile ya rahisi, inayong'aa kama nyoka aliyetoka kujivua gamba. Mke wa kaka, mwanamke mchangamfu asiyejua kuficha jambo, alimwambia mwenyewe sokoni: "Wifi, siku hizi na sisi ni akina dripu!" Alicheka naye. Nyumbani akakosa usingizi. Aliona waziwazi kitakachofuata: siku moja kaka atakwenda na katoni begani, atamwambia baba kwa ile sauti yake ya mtoto wa kwanza, na baba atakubali.

Kwa hiyo alipoupata ule ujumbe, hakuusoma. Aliutambua, kama mtu anayemwona mgeni aliyekuwa akimtarajia.

Asubuhi yote alikuwa kwenye shamba la mteja, simu imefungiwa kwenye sanduku la pikipiki. Alirudi nyumbani kubadili nguo, akaikuta simu ina miito mingi ya kaka yake, mmoja juu ya mwingine, na chini yake maneno ya wifi yake. Wifi haweki nukta wala koma. Huandika kama anavyosema, kwa pumzi moja, na safari hii aliandika akiamini mumewe ameshampata dada yake kwa simu na kumweleza yote.

"Wifi mzee kawekewa dripu tangu asubuhi kakako ndiye kasimamia kila kitu njoo uone"

Mtu mwingine yeyote angetafuta kiti. Mama Dripu aliusoma amesimama, kama kawaida yake, matope ya shamba la watu yamemkaukia magotini, na katika kichwa kile neno lile halikuwa na mfuko wala sindano. Lilikuwa mpira. Aliona matuta ya baba yake yametandikwa mali ya rahisi, na kaka kasimama katikati, mikono kiunoni. Kasimamia kila kitu. Njoo uone.

"Nione nini?" aliuliza kwa sauti. "Nije nione nini?"

Binti yake, ambaye ameanza kazi ya saluni na hutoka nyumbani amenyooka kama bango la tangazo, alikuwa akipiga pasi. "Nani tena, mama?"

"Mjomba wako. Kamwekea babu yako dripu."

Pasi ilisimama hewani. "Babu? Dripu?" Uso ukamchangamka. "Acha! Kamtoa na nini, suti? Na viatu? Mama, ukifika nitumie picha, tafadhali."

"Suti ya nini?"

"Si umesema babu kapigwa dripu?"

"Dripu ya shamba, wewe! Mipira!"

"Aa." Pasi ikashuka. "Mimi nikadhani babu kapendeza."

Katika chumba kile kidogo zilipita dripu mbili. Ile ya tatu, yenyewe hasa, ilikuwa imesimama nje mlangoni, na hakuna aliyeifungulia.

Simu ikalia. Kaka.

"Pokea, mama."

"Anataka kunisimulia." Aliitazama ikilia mkononi, ikitetemeka kama kitu kilicho hai, kisha akaizima. "Atanisimulia nikiwa nimesimama mbele yake."

Hakubadili nguo. Alichukua koleo na kisu cha kukatia mipira, akavitia mfukoni.

"Koleo la nini sasa?"

"Nimeambiwa nikaone. Naenda kuona."

Njiani aligombana na kaka yake mara nyingi, na kila mara alishinda. Alimwambia hivi, akamjibu vile, akamkata kauli. Kofia ya pikipiki ilimrudishia sauti yake masikioni. Lakini kadiri alivyokaribia, kaka alipungua ndani ya ugomvi ule na baba akazidi. Kumbe hakukataa dripu. Alikataa mkono ulioileta. Hilo ndilo lilikuwa jiwe ndani ya kiatu, na alilikanyaga safari nzima.

Halafu, kwenye taa za barabarani, akisubiri rangi ibadilike huku mkono ukikoroga mafuta bure, wazo jingine lilimjia bila kubisha hodi. Kama mipira imetandikwa, baba hatabeba ndoo tena. Asipobeba ndoo, hataanguka nayo. Lile neno lake litakufa kwa kukosa kazi. Angepaswa kufurahi. Alijichunguza kama anafurahi, akakuta hapana, na hilo likamuudhi zaidi kuliko yote. Taa ikabadilika, na mtu aliye nyuma yake akapiga honi.

Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa. Hakugonga. Alizunguka nyumba kwa upande wa bomba, mkono umeshashika koleo, sentensi ya kwanza imeshasimama kwenye ulimi.

Hapakuwa na mpira wowote.

Matuta yalikuwa kama alivyoyaacha. Tuta la kwanza la nyanya lilikuwa limelowa, la pili nusu. Zaidi ya hapo udongo ulikuwa mkavu, umeanza kupauka. Pale unyevu ulipokomea palikuwa na ndoo mbili. Moja imesimama, imejaa, na jani linaelea juu yake. Nyingine imelala ubavu. Kopo la maziwa lilikuwa kando, limekanyagwa, na kuzunguka pale udongo ulikuwa umevurugwa na nyayo nyingi za watu waliokuwa na haraka.

Mguu wake ulitulia. Ule mguu ambao hata usingizini hautulii, ulisimama.

Na hapo neno likafika mahali pake.

"Mama Dripu!" Ilikuwa sauti ya jirani, mwanamke mnene aliyekuwa akianika shuka upande wa pili wa uzio. "Mbona uko huku? Wenzako wote wako hospitali!"

Jirani akaiacha shuka, akasogea.

"Hujaambiwa? Jamani. Alianguka asubuhi, akimwagilia. Sisi tulisikia ndoo kwanza. Tukadhani imemponyoka, kumbe ni yeye na ndoo."

"Yu hai?"

"Walipomtoa alikuwa hai. Nenda, mwanangu, nenda, mbona umesimama?"

Kaka yake alikuwa kwenye korido, nje ya wodi ya wanaume. Shati lake lilikuwa na matope kifuani, mahali kichwa cha mtu mzima kilipokuwa kimeegemea. Alipomwona aliinuka kwenye benchi.

"Nimekupigia mpaka simu imechemka! Ulikuwa wapi?"

"Bustanini."

"Bustanini kufanya nini?" Macho yake yakashuka. "Na hilo koleo?"

Alikuwa amelishika tena, asijue alilitoa mfukoni saa ngapi. Alilitazama kama kitu alichobandikwa na mtu mwingine.

"Kung'oa dripu," akasema.

"Dripu gani?"

"Uliyomwekea mzee. Ya dukani kwako."

Kaka alimtazama kwa muda, akihesabu kama dada yake amerukwa na akili. Kisha ikamwingia polepole, kuanzia kwenye nyusi. Alifunika mdomo kwa mkono, lakini kicheko kilikuwa kimeshatoroka kupitia puani, na watu waliokaa na vikapu vyao kwenye benchi waligeuka kumwangalia mtu anayecheka mahali pale. Kikamgeukia njiani. Kilipofika mwisho hakikuwa kicheko tena. Alikuwa anafuta macho kwa kiganja.

"Si nilikuandikia vizuri, wifi?" wifi yake, aliyekuwa ameketi mwisho wa benchi, alisema kwa huzuni.

"Uliandika vizuri. Mimi ndiye nimesoma kama nilivyo."

Waliingia. Mzee alikuwa amelala kitanda cha dirishani, mdogo kuliko alivyomkumbuka, upande mmoja wa mdomo umeshuka kidogo. Daktari alikuwa amesema wasubiri. Ni mshtuko kwenye mishipa ya kichwa, huenda ni mdogo, huenda mwingine uko njiani, wasubiri. Hakuna neno lingine lililomtesa Mama Dripu kama hilo.

Alitazama juu. Mfuko wa maji umetundikwa kwenye chuma. Chini yake mpira mwembamba. Kwenye mpira, kikoki kidogo cha kusogeza kwa kidole gumba. Kisha mkono wa baba yake. Tangi juu, mpira, koki, tundu. Ilikuwa kazi yake yenyewe, ila mche alikuwa baba. Tone likajikusanya, likanenepa, likasita, likaanguka. Jingine likaanza kujikusanya bila haraka yoyote, kama lina dunia nzima ya kusubiri.

"Sista," alimwambia muuguzi aliyekuwa akinyoosha shuka ya kitanda cha jirani, "mbona inakwenda polepole hivi?"

"Ndivyo inavyotakiwa, mama. Ukifungua sana unamzidishia."

Yeye mwenyewe husema hivyo kwa wateja, karibu maneno hayo hayo. Usifungue sana, mama, mizizi itazidiwa. Usilikimbize tone. Huwaambia huku mguu ukitikisika, nao hucheka na kutii. Sasa alisimama kando ya kitanda, akahamia upande wa pili, akarudi, akashika chuma cha kitanda, akakiachia.

"Kaa basi, dada," kaka alisema. "Unampepea mzee kwa kuzungukazunguka."

"Siwezi."

"Hawezi." Sauti ilitoka kitandani, nzito, imevimba kama mtu anayesema na chakula mdomoni. Mzee alikuwa amefumbua macho. Alitazama mfuko ulioning'inia, akafuata mpira hadi mkononi mwake, akafuata mkono hadi kwa binti yake. Upande mmoja wa mdomo ukapanda. "Umeona?"

"Nimeona, baba."

"Nilikwambia. Ya wagonjwa."

Aliinamia kitanda. "Baba, yale maneno..."

"Maneno gani?"

"Ya ndoo. Kwamba uanguke."

Mzee alifumba macho. Matone kadhaa yalipita, mpaka binti akadhani amelala. Kisha: "Kama maneno yako yangekuwa yanaangusha watu... kaka yako angeshalala hapa zamani."

Kaka akaitikia, "Kweli kabisa," na wifi akampiga kofi begani.

"Nilijikwaa," mzee alisema. "Kopo. Basi." Akapumzika. "Bustani?"

"Nitaishughulikia mimi, baba."

"Kwa kutumia nini? Kwa mipira?"

Alivuta shuka, akamfunika miguu.

"Nikirudi nikikuta mipira," mzee alisema, kila neno akilinyanyua kama ndoo, "nitajua mmeshaniandika mgonjwa."

Akalala.

Tangu siku hiyo Mama Dripu hubeba ndoo. Aliligonga lile kopo kwa nyundo mpaka likakumbuka kwamba liliwahi kuwa duara. Asubuhi kabla ya kazi na jioni kabla ya hospitali hujaza ndoo mbili kwenye bomba la uani, huzibeba, moja kila mkono, na kwa kuwa hajui kutembea polepole, nusu ya maji huishia miguuni mwake. Hana Kiingereza cha kuisemesha mimea. Huitukana kidogo, kwa mapenzi. Wateja hupiga simu: "Mama Dripu, uko wapi?" "Nabeba ndoo." Hucheka, wakidhani ni fumbo. Mgongo unamuuma mahali ambapo hakujua kwamba mtu ana mgongo.

Wodini mambo hupanda na kushuka. Leo mzee kala uji wote na kumsahihisha daktari matamshi. Kesho hamjui mtu, anamwita binti yake kwa jina la marehemu mkewe. Mfuko ukiisha unawekwa mwingine. Daktari anasema wasubiri. Naye usiku hulala akisikia matone, asijue ni ya bomba la jikoni, ya shamba la mtu, au ya kule.

Jioni moja alikuta kaka yake amemtangulia bustanini. Miguuni pake palikuwa na katoni, imefunguliwa, na mipira myeusi imejiviringisha ndani.

"Usinikasirikie," kaka alisema haraka. "Nakuona unavyotembea. Umekuwa kama mwanamke wa makamo aliyekopeshwa mgongo wa bibi. Wewe ni fundi, hii ni kazi ya mara moja. Tuweke. Mzee akiruhusiwa tunang'oa kabla hajafika mlangoni. Hatajua."

"Utajua wewe. Nitajua mimi."

"Lakini kuna ubaya gani?" Alishusha sauti. "Na kama hata..." Hakumaliza. Alitazama maua yasiyo na majina.

Hapo alielewa kwamba kaka naye halali. Kwamba katoni ile haikuwa biashara, ilikuwa woga wake, na aliuleta kwa namna ya kitu anachokijua. Kama angemfokea ingekuwa rahisi. Badala yake aliisukuma katoni kwa mguu mpaka ukutani, akachukua ndoo tupu, akamtia mkononi.

"Mimi?"

"Una mikono miwili."

"Na shati hili?"

"Bustani haiumwi," alisema. "Jaza."

Kaka akajaza. Alibeba vibaya, kama mtu anayebeba mtoto wa wenyewe, akilalamika kila hatua, na walikuwa wamefika tuta la bilinganya simu ilipotetemeka mfukoni mwa dada yake. Aliitua ndoo wima, kwa uangalifu. Ulikuwa ujumbe wa wifi, aliyekuwa na zamu ya kukaa na mzee.

"Wifi mzee katolewa dripu njooni"

Aliusoma. Akausoma tena. Hapakuwa na nukta, hapakuwa na koma, hapakuwa na pa kushika. Mtu hutolewa dripu akipona. Mtu hutolewa dripu pia pale ambapo haimfai tena. Kaka alisoma juu ya bega lake.

Zamani angeutafsiri mwenyewe na kuanza safari. Safari hii alipiga simu. Ililia. Mguu ulitikisika. Ililia.

"Wifi," alisema ilipopokelewa, "sema polepole. Mzee katolewa dripu kwa nini?"

"Katolewa wapi, kajitoa mwenyewe!" wifi alipiga kelele. "Kaing'oa na plasta yake! Eti imemchosha, anataka kwenda chooni kwa miguu yake! Sasa hivi wanagombana na sista, tena kwa Kiingereza, sista kamwita mwenzake, njooni mtusaidie jamani, mimi ataniumbua!"

Nyuma ya sauti yake ilisikika nyingine, nzito, inayoburuta silabi, ikitoa somo.

Kaka aliketi chini, palepale kwenye udongo uliolowa, na shati lake.

"Inuka," Mama Dripu alimwambia. "Twende."

"Twende," kaka aliitikia, asiinuke.

Alichukua hatua kuelekea pikipiki, akasimama. Akarudi. Matuta mawili yalikuwa bado makavu, na kona ya maua. Alimjua mtu aliyekuwa kule kitandani; hataanza kwa salamu. Akanyanyua ndoo, akalishika kopo, akaanza kumwagilia akienda mbio, maji yakimrukia magotini, huku akimpigia kaka yake kelele alete nyingine, alete upesi, kwa maana mzee atauliza.